Githeri ya Kajuju

Jumatatu, 28 Aprili

Kitabu hiki si cha siri. Nimekianzisha niandike lunchi ninayompakia Kiende kila siku, nisije nikarudia chakula kimoja halafu wamama wa grupu wakanicheka. Mimi ndiye admini. Grupu inaitwa Lunchi Bora Grade Four, na niliianzisha mwenyewe baada ya kuchoka kuona watoto wa hapa mtaani Dallas wakibebeshwa mkate mkavu na soseji kila siku, utadhani mashamba yaliisha Embu nzima.

Leo: chapati za karoti, ndengu nzito zisizomwagika kwenye begi, vipande vya ndizi. Kontena mpya ina vyumba vitatu. Nilipiga picha kabla ya kufunga, nikairusha kwa grupu. Mama mmoja akaandika, "Wambeti, wewe si mtu wa kawaida." Nilikuwa najua, lakini nilifurahi kusoma.

Kiende alikuwa amesimama mlangoni na sweta yake, begi mgongoni, akingoja nimalize picha.

Jumatano, 30 Aprili

Wali wa minji, yai la kuchemsha. Mvua kubwa. Stima zilipotea, kwa hivyo picha ni mbaya na sikuituma.

Jumatatu, 5 Mei

Mukimo wa viazi na mahindi nimeuviringa vipira vidogo, nikapaka yai, nikakaanga. Mume wangu Mbaabu amerudi Kiirua, Meru, asubuhi, anakofundisha, na alibeba vinne bila kuniuliza. Bwana huyu akija wikendi tunahesabu sufuria.

Nimeweka sheria kwa grupu: kila mtoto ale chakula chake, hatugawi. Magonjwa ya tumbo yamekuwa mengi. Wote wakakubali. Kiende naye nilimwambia, nikamvuta sikio kidogo ili maneno yaingie.

Ijumaa, 9 Mei

Sandwichi ya avokado na nyanya. Kontena imerudi safi.

Jumatano, 14 Mei

Leo kontena haikurudi tupu. Ndani kulikuwa na nusu ya ngwaci, kiazi kitamu, imechemshwa, na ganda lake.

"Kiende, hii ni nini?"

"Ni ngwaci."

"Naona ni ngwaci. Imetoka wapi?"

"Shule."

"Shule siku hizi inapanda ngwaci?"

Nikaitupa kwa pipa. Aliliangalia lile pipa kwa muda, halafu akaenda kubadilisha yunifomu.

Jumanne, 20 Mei

Chapati za malenge, maharagwe meusi ya njahi. Kontena imerudi na makadamia, zimevunjwa tayari. Nikamuuliza ni nani anampa. "Hakuna." Mtoto wangu ameanza kunidanganya usoni.

Alhamisi, 22 Mei

Kipande cha muwa kilichomenywa. Woi!

Nimemwambia Ciku, tunayekaa naye meza moja hapa ofisini kwa wakili. Akasema, "Huyo mtoto wako ama anaomba, ama kuna watu wanamtupia mabaki wakimcheka." Sikuweza kuendelea na kuchapa. Mtoto wa admini akiomba chakula! Watasema napiga picha za chakula nisichompa. Niliona haya hata kurudi nyumbani kupitia mbele ya geti la shule, nikapitia njia ya nyuma yenye matope.

Jumatatu, 26 Mei

Ukungu umeanza kushuka asubuhi, mlima hauonekani.

Saa ya chai Mwalimu Ndambiri, mwalimu wa darasa la Kiende, alinipigia simu kuhusu sweta iliyopotea. Nikaona nimuulize. Akasita, kisha akasema amewahi kumwona Kajuju akiwa na kontena ya Kiende mapajani, anakula. Hakujua kama kuna shida, akafikiri ni mambo ya watoto.

Kajuju ni binti wa Karwirwa, fundi wa nguo aliyetoka pande za Meru mwaka huu akafungua kibanda karibu na soko. Sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Kwa hivyo ndiyo hiyo siri. Anakula chakula cha mtoto wangu, halafu anamrudishia mabaki yake! Moto ulinipanda. Sikungoja kufika nyumbani. Niliandika pale pale kwa meza ya ofisi, na nayanakili hapa kwa sababu nilijiona nimesema vizuri:

"Kuna mtoto anawaibia wenzake lunchi na kuwarudishia makombo kwenye kontena. Mama Kajuju, tafadhali mpikie mtoto wako. Chakula si lazima kiwe ghali, mapishi yako hapa bure."

Watu watatu wakaandika amina. Mmoja akasema ni vizuri kuambiana ukweli. Wengine kimya. Karwirwa aliandika, "Nimeona. Asante." Halafu akatoka kwa grupu.

Jumatano, 28 Mei

Kiende anasema Mama Kajuju alikuja darasani jana asubuhi kabla ya masomo, akamsimamisha Kajuju mbele ya watoto wote aombe msamaha. Kajuju aliomba. Kiende alikuwa akilia wakati ananiambia. Nikamwambia asilie, amefundishwa adabu, yataisha.

Alikula chapati nne za jioni.

Jumanne, 3 Juni

Wali wa nazi ya pakiti, maharagwe. Kontena safi, haina kitu cha mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Kiende anarudi na njaa. Leo hakuvua viatu, alienda moja kwa moja kwenye sufuria ya jana akala ugali baridi akiwa amesimama. Kontena imelambwa. Mwizi hayupo na mtoto ana njaa. Sielewi.

Alhamisi, 12 Juni

Nilitoka kazini mapema nikaenda kumchukua. Baridi kali, manyunyu. Pale getini watoto walikuwa wakikimbia wakiita, "Makombo! We Makombo!" Wakicheka. Aliyekuwa akiitwa alikuwa msichana mwembamba, begi limeshikwa kifuani, anatembea haraka bila kugeuka.

"Huyo ni nani wanamwita hivyo?"

"Ni Kajuju."

"Na ni nani alimpa jina baya hivyo?"

Kiende akaniangalia. "Si ni wewe uliandika? Mamake Runji wa darasa letu alimsomea Runji."

Nikamshika mkono. Tulitembea mpaka nyumbani. Nilijiambia kwamba jina la utani halikai, watoto husahau. Lakini uso ulinichoma njia yote, na ilikuwa baridi.

Jumatatu, 16 Juni

Viazi vya rosti. Niliongeza kiasi, kikakataa kuingia kwa kile chumba kidogo cha kontena.

Jumamosi, 28 Juni

Tuko Kanja kwa mama, mapumziko ya katikati ya muhula. Naandika nikiwa nje nyuma ya jiko, kwa sababu ndani sitaki kuonwa uso.

Jirani alikuwa amemletea mama njahi kwa sufuria juzi. Leo mama aliiosha, akaikausha, akatia mayai ndani, akampa Kiende airudishe. Kitu cha kawaida. Mimi sikuangalia hata. Kiende akasema, "Hata Kajuju hufanya hivyo."

Nikamuuliza, "Kajuju hufanya nini?"

"Hawezi kurudisha kontena ya mtu ikiwa bure. Cucu wake, nyanya yake wa Kiirua, alimkataza. Lazima aweke kitu."

"Kontena ya nani?"

"Yangu. Tulikuwa tunabadilishana. Yeye anakula yako, mimi nakula githeri yake ya mahindi na maharagwe. Siku zingine nduma za kuchemsha."

Nilikaa chini kwa kile kigoda. "Kwa nini ule githeri ya mtu na mimi nimekupikia?"

"Yako ni tamu, mama. Lakini ni ya kuonja. Githeri ya Kajuju ni nyingi. Ndiyo nilikuwa nashiba."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hatugawi."

Akachukua sufuria na mayai, akaenda nayo kwa jirani polepole, mikono miwili.

Mimi ni mtoto wa Kanja. Nimekulia papa hapa nikitumwa na bakuli za watu, na sijawahi kurudisha bakuli ya mtu bila kitu. Ningechapwa. Nilipohamia Dallas nilikuwa nikifanya hivyo na majirani, hata sijui niliacha lini. Mtoto wa miaka tisa akaniwekea heshima kwenye kontena yangu mara tatu, ngwaci, makadamia, muwa, na mimi nikaziita makombo mbele ya wazazi wote. Haki ya Mungu, natamani ardhi ipasuke.

Mama aliniuliza, "Wambeti, ni nini?" Nikasema ni mambo ya watoto. Hata mama yangu nimemdanganya.

Jumanne, 1 Julai

Niliandika ujumbe wa grupu mara nyingi, nikaufuta mara hizo zote. Kila nikiandika "nilikosea" naona zile picha zangu zote juu yake.

Alhamisi, 3 Julai

Nilijikaza kisabuni, nikaenda kwa kibanda cha Karwirwa. Nilibeba rinda langu la kitenge ili nisiingie mikono mitupu bila sababu. Alikuwa peke yake na cherehani. Alisimama kunisalimu.

"Mama Kiende. Karibu. Ni kupunguza ama ni kuongeza?"

"Kupunguza," nikasema, na rinda hata halikuwa kubwa.

Akanipima kiunoni. Mikono yake ilikuwa baridi, akasema pole kwa baridi. Nilifungua mdomo, nikajisikia nikimuuliza litakuwa tayari lini. "Jumatatu." Nikashukuru, nikatoka. Nilipofika kwa lami nilijitukana kwa sauti, mwanamume mmoja mwenye mkokoteni akageuka kuniangalia.

Jumanne, 8 Julai

Nimechukua rinda. Limenibana. Sikusema.

Manyunyu siku nzima. Kiende anasema Kajuju hali chakula darasani tangu ile siku. Mamake alimwambia asikae na chakula karibu na mtoto wa mtu yeyote, asije akaitwa tena. Anakula nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji. Mvua ikinyesha anasimama chini ya kile kipaa cha vyoo.

"Peke yake?"

"Nilienda siku moja. Akaniambia nirudi, mamake atamchapa."

Nilipika chapati na ndengu. Sikupiga picha. Grupu wananiuliza kama niko mgonjwa.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu mkuu amenipigia. Siku ya wazazi, wanataka nifundishe wazazi lunchi za bei nafuu, na meza nitapewa. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nimejiambia nitasema ukweli pale, mbele ya wote, ndiyo njia nzuri zaidi. Nilipata nafuu kwa saa moja hivi, kisha nikajua kwamba nimejipa ruhusa ya kungoja.

Jumanne, 15 Julai

Leo pia sikusema. Mvua.

Alhamisi, 17 Julai

Leo pia.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu mpaka saa sita. Nilisimama dirishani pa ofisi nikifikiria kile kipaa cha vyoo. Ciku akaniuliza kama kuna mtu amefariki nyumbani.

Ijumaa, 25 Julai

Nataka kuandika leo yote bila kujipendelea.

Ukumbi ulijaa. Walinipangia meza mbili mbele na kitambaa cheupe. Nilikuwa na chapati za malenge, vipira vya mukimo, pankeki za ndizi zisizo na sukari, ndengu, na avokado za kwa mama. Nilieleza kwamba karibu kila kitu kinatoka shambani, kwamba mtu apike jioni mara mbili kwa wiki na kugawa, kwamba mtoto akichoka na viazi usimpe viazi, mpe viazi vikiwa na sura nyingine. Walicheka. Wakaandika. Jamani, naongea vizuri nikiwa na watu, hilo sitakataa. Nilikuwa nimelipanga neno la Kajuju liwe la mwisho. Nililiona likikaribia, nikaongeza maelezo ya kuhifadhi ndengu. Nikaongeza mengine ya vifuniko.

Kajuju alikuwa kwa benchi la tatu na darasa lake. Kulikuwa na nafasi upande wake wa kushoto na nafasi upande wake wa kulia. Mamake hakuja.

Mwalimu mkuu akasimama kabla sijamaliza, akasema tumuulize mtoto mwenyewe. Akamwita Kiende mbele, akamshikisha maikrofoni. "Ambia wazazi, katika chakula chote cha nyumbani ni lunchi gani unaipenda zaidi?"

Kiende hakuniangalia. Akasema, "Githeri ya Kajuju."

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Mtoto mmoja nyuma akaita, "Makombo!" wakacheka zaidi. Ilikuwa wakati wangu. Nilikuwa nimesimama, maikrofoni ya pili ilikuwa mkononi mwangu, ilikuwa imewashwa. Mtoto wangu alikuwa amenifungulia mlango mbele ya watu wote.

Nami nikacheka. Nilicheka pamoja nao, nikasema, "Watoto, jameni!" Wakapiga makofi. Nilimwona Kajuju akiinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti.

Kiende aliweka maikrofoni mezani, akatoka nje ya ukumbi. Hajanisemesha tangu hapo. Amekula, ameosha sahani yake, amelala. Najiona mtu mchafu. Nimeoga na bado najiona hivyo.

Jumamosi, 26 Julai

Mbaabu amefika kutoka Kiirua na amekuta nyumba iko kimya. Nilimweleza yote tukimenya viazi. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alimenya kiazi chote mpaka mwisho.

"Sasa unangoja nini?"

"Naona aibu, Baba Kiende."

"Wewe unaona aibu ukiwa ndani ya nyumba," akasema. "Yule mtoto anaona yake akiwa kwa mvua."

Nilikasirika, nikamwambia ni rahisi kwake kusema, yeye haishi hapa wiki nzima. Akachukua kiazi kingine. Hasira iliisha kabla ya viazi kuiva.

Jumatatu, 28 Julai

Nilienda kwa kibanda. Kulikuwa na wateja wawili. Nikapita.

Jumatano, 30 Julai

Kiende ananijibu ndiyo na hapana tu. Nilimpakia githeri kwa kopo kubwa. Kopo limerudi halijafunguliwa.

Alhamisi, 31 Julai

Asubuhi kabla ya kazi niliandika kwa grupu. Sikujali imekaa vipi, niliituma kabla ya kuisoma mara ya pili:

"Kajuju hakuiba. Yeye na Kiende walikuwa wanabadilishana chakula, na Kiende ndiye aliyekuwa akishibishwa. Vile vitu vya kwenye kontena vilikuwa heshima, si makombo. Nilimsingizia mtoto wa watu hapa mbele yenu. Nimejua ukweli tangu mwezi wa sita na nikanyamaza. Naomba msamaha. Tafadhali ambieni watoto wenu wasimwite tena lile jina."

Jibu la kwanza lilikuwa amina. La pili, mikono ya kusali. La tatu, mtu aliuliza kama zile pankeki za ndizi zinatiwa hamira.

Jioni nilimchukua Kiende shuleni tukaenda naye kwa kibanda. Kulikuwa na mteja, mzee mmoja na suruali. Nikasimama pale pale nyuma yake. Nilijua nikitoka sitarudi. Mzee aliondoka. Karwirwa alikuwa akishona sweta za shule, na Kajuju alikuwa kwa kiti kidogo karibu na miguu yake akitia vifungo.

Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Nilisema nilimwita mtoto wake mwizi na hakuwa mwizi, kwamba nilikuja na rinda siku ile nikashindwa, kwamba nilicheka ukumbini. Nikampa simu asome ujumbe. Hakuipokea.

"Nimeonyeshwa," akasema. "Kuna mtu alinitumia mchana." Akasimamisha cherehani. "Mimi nimesikia, Mama Kiende. Lakini si mimi niliyeitwa mwizi. Aliyeitwa ni yule pale. Mwambie yeye."

Nilichuchumaa chini, magoti kwa vipande vya nguo, mpaka uso wangu ukawa sawa na wake. Sikuwa nimewahi kumwangalia kwa karibu. Ana kovu dogo juu ya jicho. Nikamwambia, "Kajuju, hukuiba. Mimi ndiye niliyekosea. Ulikuwa unamlisha Kiende na ukanirudishia kontena na kitu ndani, na mimi nikakutukana. Nisamehe."

Akamwangalia mamake kwanza. Mamake akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Akaniangalia tena, sindano bado iko mkononi.

"Sasa naweza kula darasani?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia atakula darasani, na Kiende, na mtu yeyote anayemtaka, na hakuna atakayemwambia kitu. Nikatoa simu nimpigie Mwalimu Ndambiri hapo hapo mbele yake, asikie mwenyewe. Nilikuwa natafuta nambari, machozi yakinisumbua, Kajuju akanigusa mkono.

"Lakini kesho tunafunga shule," akasema. "Hatubebi lunchi."